SOMO LA WIKI: Faida ya nguo huanzia mlimani

Kwa kawaida ukurasa huu humpa msomaji bei: bei ya mazao, bei ya bidhaa za jumla, bei ya fedha za kigeni. Wiki hii tunaziweka bei kando na kufungua somo kuhusu mambo yanayoziamua bei hizo kabla hazijafika sokoni. Somo linahusu nguo na viatu, na darasa letu ni Morogoro, mji wa viwanda uliojengwa chini ya milima ya Uluguru.

Mfanyabiashara wa vitenge, mwenye karakana ya cherehani kumi, na mtu mwenye akiba ndogo anayetafuta pa kuiweka, wote huuliza swali moja. Haya maneno ya ugavi endelevu, ya kutunza mito na kumlipa mkulima vizuri, yana faida gani kwangu? Hii si kazi ya serikali na wafadhili?

Jibu letu ni kwamba kuna wakati yana faida na kuna wakati hayana. Kazi ya mwenye fedha ni kujua kutofautisha, na kutofautisha huko hufanywa kwa hesabu. Leo tutapitia mambo matatu yaliyokwisha kutokea hapa nchini, halafu tutafanya hesabu moja pamoja.

MNYORORO WENYEWE

Chukua shati moja la shule. Pamba yake huenda ililimwa Simiyu au Shinyanga, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania hutoka kanda ya Magharibi, yaani mikoa inayoizunguka Ziwa Victoria na jirani zake. Ikauzwa kwenye kituo cha kununulia, ikachambuliwa jineri, ambako kilo 3 za pamba mbegu hutoa karibu kilo 1 ya pamba nyuzi. Ikafungwa robota. Robota likasafirishwa hadi kiwandani, likasokotwa uzi, uzi ukafumwa kitambaa, kitambaa kikatiwa rangi. Jora likaenda kwa fundi, na shati likaenda dukani.

Huo ndio mnyororo wa ugavi. Katika kila pingili yake kuna mtu anayepaswa kuamka kesho na kuifanya kazi ile ile. Neno “endelevu” lina maana nyepesi kwa mfanyabiashara: kila mmoja katika mnyororo awe na sababu, na awe na uwezo, wa kuirudia kazi yake mwakani na miaka kumi ijayo.

Mnyororo hukatika kwa njia tatu. Malighafi huisha au huharibika. Mtu anayeitoa huacha kazi, au huifanya vibaya kwa sababu hailipi. Au mnunuzi wa mwisho hufunga mlango. Yakumbuke maneno hayo matatu: malighafi, mtu, mnunuzi. Tutarudi kwao mara kwa mara.

FUNZO LA KWANZA: KIWANDA CHA VIATU

Wenyeji wa Morogoro wa umri fulani wanakikumbuka kiwanda cha viatu. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mpango wake ukiwa wa miaka ya 1970. Kilipewa mitambo ya kisasa ya wakati ule. Uwezo wake ulipangwa kuwa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya jozi hizo ilitarajiwa kuuzwa Ulaya.

Kiwanda hakikuwahi kuvuka asilimia 4 hivi ya uwezo wake. Piga hesabu: asilimia 4 ya jozi milioni 4 ni jozi 160,000. Jengo lenyewe lilikuwa na kuta za bati la alumini bila mfumo wa kupitisha hewa, katika mji ambao jua lake linajulikana. Uzalishaji ulisimama mwaka 1990.

Mtaji, majengo na mitambo vyote vilikuwapo. Kilichokosekana ni vilivyotakiwa kuwa nyuma na mbele ya mitambo hiyo. Katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, kwa hiyo kiwanda kinachotegemea vipuri na kemikali kutoka nje kilikuwa kinategemea kitu kisichopatikana. Na mbele, hapakuwa na mnunuzi wa Ulaya aliyefungwa na mkataba wa kuzichukua jozi hizo.

Tazama pia ngozi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika, na mkoa wa Morogoro wenyewe una wafugaji katika wilaya za Kilosa na Mvomero. Mtu angesema malighafi haina shida. Lakini ngozi huharibika mapema: kwa chapa ya moto iliyopigwa ubavuni, kwa kupe, kwa miba, na kwa kisu cha mchunaji asiye na mafunzo. Mfugaji anayepewa bei moja kwa ngozi safi na ngozi iliyotoboka hana sababu ya kuhamishia chapa mguuni. Kiwanda hakiwezi kuuondoa ubovu huo kwa mashine, hata iwe ya bei gani. Kinachoweza kuuondoa ni bei yenye madaraja, inayolipwa hadi machinjioni na kumfikia mfugaji.

Funzo kwa mwekezaji: usipime kiwanda kwa mashine zake. Kipime kwa uhakika wa kile kinachoingia mlango wa nyuma na kile kinachotoka mlango wa mbele.

FUNZO LA PILI: PAMBA SAFI NA PAMBA FIFI

Mkulima wa pamba Tanzania anayajua maneno mawili: safi na fifi. Pamba safi ni daraja la kwanza. Pamba fifi ni ile iliyochafuka au kuharibiwa na wadudu. Kwa miaka mingi vyama vya ushirika vilinunua kwa madaraja hayo, na mkulima alizichambua mwenyewe nyumbani kabla ya kwenda mizani.

Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, ushindani ulileta jambo jema: malipo ya haraka. Lakini ulileta na jambo baya. Wanunuzi wengi waliokimbizana kujaza jineri zao waliacha kuangalia daraja. Safi na fifi zikaingia gunia moja. Mkulima aliyeona jirani yake analipwa sawa kwa pamba chafu naye akaacha kujisumbua. Kukawa na malalamiko ya pamba iliyotiwa mchanga na maji ili kuongeza uzito. Pamba ya Tanzania ikapoteza sifa, na bei yake katika soko la dunia ikapunguzwa kwa sababu ya uchafu.

Angalia ni nani aliyelipa. Aliyetia mchanga alipata kilo mbili za bure siku ile. Mwaka uliofuata wakulima wote, pamoja na yeye, walipata bei ya chini. Hivyo ndivyo mnyororo usio endelevu unavyofanya kazi: faida huchukuliwa na mmoja leo, na hasara hugawanywa kwa wote kesho.

Mfano wa upande wa pili uko katika nchi hii hii. Wilayani Meatu, mkoa ambao leo unaitwa Simiyu, kampuni ya Uswisi ya Remei ilianza mwaka 1994 mradi wa pamba isiyotumia dawa za viwandani wala mbolea za chumvi, unaojulikana kwa jina la bioRe. Wakulima huingia mkataba. Hupewa mafunzo ya ugani, hupata ahadi ya kununuliwa pamba yao, na nyongeza juu ya bei ya soko. Alizeti hupandwa ndani ya shamba la pamba ili kuvuta wadudu wanaokula viwavi wa pamba. Upande wa mauzo, kampuni hiyo ilijifunga tangu miaka ya 1990 na mtandao wa maduka ya Coop wa Uswisi, unaouza nguo hizo kwa chapa ya Naturaline.

Mwaka ule ule, zao lile lile, nchi ile ile. Kwingine daraja liliporomoka, Meatu kukajengwa sifa. Tofauti ni kwamba Meatu bei ya usafi ilimfikia mkulima, na mnunuzi wa mwisho alikuwa anajulikana kabla mbegu haijapandwa.

Lakini msomaji asidhani njia hiyo ni rahisi. Shamba haliitwi la kilimo hai siku ile ile mkulima anapoacha dawa. Kwa kanuni za Marekani ardhi inapaswa kukaa miezi 36 bila dawa zilizokatazwa kabla ya mavuno ya kwanza kuuzwa kwa jina hilo. Katika kipindi hicho mkulima anabeba gharama za njia mpya kwa bei ya zamani. Ni lazima awepo mtu wa kumvusha, ama kwa pembejeo, ama kwa sehemu ya nyongeza mapema. Mfanyabiashara asiye na mtaji wa kusubiri miaka mitatu asijiingize katika ahadi hiyo.

FUNZO LA TATU: MAJI YA ULUGURU

Sasa tupande mlimani. Uluguru ina vilele vinavyovuka mita 2,600, na misitu yake ya juu ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Huko ndiko kunakoanzia Mto Ruvu, chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam. Maji ya mto Ngerengere na vijito vya upande wa magharibi wa milima hiyo huingia bwawa la Mindu, linalohudumia mji wa Morogoro na viwanda vyake. Ngerengere nao huendelea na safari yake na kuingia Ruvu.

Kwa mfanyabiashara wa nguo hii si habari ya watalii. Hakuna kitambaa kinachotiwa rangi bila maji mengi na masafi. Pale Kihonda kilijengwa kiwanda cha Polytex, ambacho baada ya ubinafsishaji kilikuja kuwa 21st Century Textiles chini ya kundi la Mohammed Enterprises, watengenezaji wa kanga na vitenge. Kiwanda chochote cha aina hiyo kina mahitaji mawili ya maji: masafi yaingie, na machafu yatoke bila kumdhuru aliye chini. Tope likizidi mtoni, gharama ya kuyasafisha hupanda, na bwawa hujaa mchanga hadi nafasi ya maji ikapungua. Bandu bandu huisha gogo, na udongo wa mlimani nao huondoka hivyo hivyo, mvua moja baada ya nyingine.

Jitihada za kuuzuia udongo huo hazikuanza jana. Kuanzia mwaka 1950 hivi serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Waluguru waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito na ya lazima, haikuwa na malipo, na sehemu nyingi matuta yalifukua udongo wa chini usio na rutuba, mavuno yakapungua badala ya kuongezeka. Mwaka 1955 hasira ililipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa mwaka huo huo.

Nusu karne baadaye likajaribiwa jambo jingine katika milima ile ile. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliandaa utaratibu wa wanaotumia maji chini kuwalipa wanaotunza ardhi juu. Wakulima wa eneo la Kibungo walichimba matuta, wakapanda miti na nyasi za kuzuia udongo, wakaacha kuchoma moto mashamba, na kila mmoja akalipwa kulingana na ukubwa wa eneo alilotengeneza. Walipaji wakawa DAWASCO, shirika lililokuwa likiwauzia maji wakazi wa Dar es Salaam wakati huo, pamoja na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Wakulima waliingia kwa hiari, na waliongezeka.

Jembe lilikuwa lile lile na mteremko ule ule. Mwaka 1955 mchimbaji alibeba gharama yote na faida ikaenda kwa wengine. Safari ya pili alipewa sehemu ya faida hiyo. Mwekezaji asikie: kanuni nzuri isiyomlipa anayeitekeleza ina maisha mafupi.

Hata hivyo mradi wa pili nao ulikuwa na udhaifu. Wanunuzi wa huduma hiyo walikuwa wawili tu, wakati watumiaji wa maji ya Ruvu ni wengi, na sehemu kubwa ya gharama za kuuendesha ilitoka kwa wafadhili. Kwa nini wafanyabiashara wengine hawakujiunga? Hesabu ifuatayo inatoa jibu.

HESABU YA WIKI

Namba hizi ni za mfano tu, tumezichagua ziwe nyepesi kufuatwa. Badala yake weka za kwako.

Tuseme kiwanda cha kutia rangi husimama siku 12 kwa mwaka kwa sababu ya maji machafu au upungufu wa maji. Kila siku ya kusimama hula sh. milioni 2.5, yaani mishahara, riba na gharama nyingine zisizosubiri. Hasara ya mwaka ni 12 mara 2.5, sawa na sh. milioni 30.

Kiwanda kinaombwa kuchangia sh. milioni 12 kwa mwaka kwa ajili ya wakulima wa mlimani. Je, kichangie?

Gawanya milioni 12 kwa milioni 2.5. Jibu ni 4.8. Kwa hiyo siku za kusimama zinatakiwa zipungue angalau 5 ndipo fedha irudi. Kama wataalamu wanasema zitapungua 4, kiwanda kitaokoa milioni 10 na kulipa milioni 12. Ni hasara ya milioni 2. Meneja anayekataa hapa hana roho mbaya, anajua kuhesabu.

Sasa tuseme watumiaji watatu wa maji hayo, kila mmoja akiwa na hasara kama ile, wanakubaliana kugawana mchango. Kila mmoja analipa milioni 4. Milioni 4 kwa milioni 2.5 ni 1.6, kwa hiyo siku 2 zinatosha kurudisha fedha. Siku zikipungua 4, kila mmoja anaokoa milioni 10, analipa 4, anabakiwa na 6. Mlima ni ule ule, kazi ni ile ile, lakini hasara imegeuka faida kwa sababu waliofaidika wamekaa meza moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapo panazuka mtego. Yule wa nne ambaye hakuchangia atapata maji safi pia. Kila mmoja akingoja kuwa huyo wa nne, hakuna atakayelipa. Ndiyo sababu mipango ya namna hii huhitaji mkataba wa maandishi, au chama cha watumiaji maji, au mamlaka ya maji kuweka mchango ndani ya ankara ya kila mtumiaji mkubwa.

Bado hatujahesabu muda. Miti na matuta hayatoi matokeo siku hiyo hiyo. Tuseme miaka miwili ya kwanza hakuna nafuu yoyote, na mchango wa milioni 4 unalipwa kila mwanzo wa mwaka kwa mkopo wa riba ya asilimia 18. Mwisho wa mwaka wa pili deni limefika karibu milioni 10.3. Kuanzia mwaka wa tatu, kila mwisho wa mwaka unaokoa milioni 10, unatoa mchango wa mwaka huo pamoja na riba yake, milioni 4.72, unabakiwa na milioni 5.28 za kupunguza deni. Mwisho wa mwaka wa tatu deni ni karibu milioni 6.9. Mwisho wa wa nne, milioni 2.8. Katika mwaka wa tano linakwisha, na kuanzia hapo ni faida.

Sasa unaona nani anafaa na nani hafai. Mwenye kiwanda anayetarajia kuwepo miaka kumi anafaa. Anayekodi jengo kwa miaka miwili hafai, na usimlaumu. Ukitaka kujua kama kampuni inasema kweli kuhusu uendelevu, angalia urefu wa mikataba yake kabla ya kusoma vipeperushi vyake.

MNUNUZI WA NG'AMBO ANATAKA NINI

Tumezungumza malighafi na mtu. Amebaki mnunuzi. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wa nguo za makampuni ya Ulaya na Marekani. Tangu hapo wanunuzi wakubwa wameogopa kukutwa na jina lao kwenye kifusi.

Sheria zikafuata. Marekani ilitunga mwaka 2021 sheria iliyoanza kutumika Juni 2022, inayochukulia kwamba bidhaa yoyote yenye pamba ya Xinjiang, China, imetokana na kazi ya kulazimishwa, mpaka mwagizaji athibitishe vinginevyo. Ujerumani ilianza mwaka 2023 kuyadai makampuni yake makubwa yachunguze wagavi wao. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la aina hiyo mwaka 2024, halafu mwaka 2025 ukaanza kulichelewesha na kulilegeza. Kwa hiyo upepo hauvumi upande mmoja tu. Anayejenga biashara nzima juu ya sheria ya nchi nyingine ajue kwamba sheria hiyo hubadilishwa bila yeye kuulizwa.

Lakini jambo moja limebaki: karatasi ya asili ya bidhaa imekuwa na bei. Robota linaloweza kuonyesha jineri, kituo cha ununuzi na msimu wake lina wanunuzi wengi kuliko robota lisilojulikana lilikotoka. Pamba yetu hutegemea mvua na huchumwa kwa mkono. Sifa hizo hazilipwi kama hakuna kumbukumbu ya kuzithibitisha.

Wala karatasi haimalizi hatari zote. Nguo za Tanzania ziliingia Marekani bila ushuru chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000, na Morogoro kiwanda cha Mazava kimekuwa kikishona nguo za michezo kwa ajili ya soko hilo. Muda wa sheria hiyo ulifika mwisho tarehe 30 Septemba 2025 bila kuwa umeongezwa. Kiwanda chenye maji safi na wafanyakazi walioridhika bado kinaweza kutikiswa na kura inayopigwa Washington. Kumbuka pia mwaka 2016, nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana kuondoa mitumba kufikia 2019. Marekani ilitishia kuziondolea nafuu hiyo, na Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda iliyoshikilia msimamo ilisimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Uendelevu wa upande wa mnunuzi maana yake ni kutomtegemea mmoja.

MASWALI SITA KABLA YA KUTOA FEDHA

Unapotaka kununua hisa, kuingia ubia katika karakana, au kumkopesha jora mshonaji, uliza haya:

1. Malighafi inatoka wapi, na anayeitoa analipwaje? Je, bei ina madaraja?

2. Kazi ilisimama siku ngapi mwaka jana, na kwa sababu gani? Asiyezihesabu siku hizo hajui gharama yake.

3. Ni asilimia ngapi ya uwezo inatumika? Kumbuka kiwanda cha viatu.

4. Maji machafu yanakwenda wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaruhusu kutozwa faini na kusimamishwa kwa shughuli. Mfereji usio na kibali ni deni ambalo halijaandikwa vitabuni.

5. Mnunuzi mkubwa kuliko wote anachukua sehemu gani ya mauzo? Ikivuka nusu, usiweke akiba yako yote hapo.

6. Ahadi ya bei nzuri kwa bidhaa safi iko kwenye mkataba au mdomoni? Ya mdomoni usiiingize kwenye hesabu.

Majibu mazuri kwa maswali hayo hayakuhakikishii faida, lakini yatakuonyesha ni pingili gani itakayokatika kwanza.

KAZI YA NYUMBANI

Mwenye cherehani tano hana milima ya kupanda miti, lakini ana mnyororo wake. Kwa miezi mitatu ijayo fungua daftari lenye safu tatu. Safu ya kwanza, andika kila siku uliyokaa bila kazi kwa kukosa kitambaa, umeme au vifungo. Ya pili, kila nguo iliyorudishwa kwa kuchuja rangi au kushonoka. Ya tatu, kila fundi aliyeondoka na muda uliomfundisha aliyemrithi. Mbele ya kila mstari weka shilingi zake, kisha jumlisha. Jumla hiyo ndiyo kiasi ambacho mnyororo mbovu unakutoza kila msimu, na ndiyo kikomo cha fedha unayoweza kuitumia kuutengeneza bila kupata hasara. Huenda ukagundua kuwa jora la bei nafuu ndilo ghali kuliko yote, au kwamba fundi uliyemnyima nyongeza ndogo alikugharimu mara tatu ya nyongeza hiyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wiki ijayo tutarudi kwenye bei zetu za kawaida.